Usharika Kukua na Kuwa na Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazee wa Kanisa

Maswali haya hurudi kila wanapokutana wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa jumuiya, wawe wa Iringa, Bukoba au Arusha. Tumetumia maneno ya Kilutheri ya Tanzania: usharika (kanisa la mahali), mtaa (tawi la usharika), jumuiya (kikundi cha kaya jirani zinazosali pamoja), baraza la wazee. Msomaji wa kanisa jingine ataweka ya kwao bila shida, kwa kuwa mambo yenyewe yanafanana. Kila swali lina namba ili lirejewe kwa urahisi.

## Mambo ya msingi

1. Usharika wenye afya unatambulikaje?

Uliza siku ya Jumatatu, spika zikiwa zimezimwa. Nani anaumwa? Nani hajaonekana wiki tatu, na kwa nini? Mjane aliyefiwa mwezi uliopita amefikiwa na nani? Sadaka ya jana ilikuwa shilingi ngapi, na imekwenda wapi? Kama washarika wa kawaida wanaweza kujibu, wala si mchungaji peke yake, usharika huo una afya hata ukiwa unafanya ibada chini ya mwembe.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatupa mfano ulio wazi. Sura ya 2 inaonyesha kanisa la Yerusalemu likidumu katika mafundisho, ushirika, kuumega mkate na kusali. Kufika sura ya 6 watu wameongezeka, na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba washike kazi ile. Tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea waliokabidhiwa walitoka upande wa waliolalamika. Mstari wa 7 unaeleza kwamba baada ya hapo idadi ya wanafunzi ilizidi sana. Malalamiko yalitatuliwa kwanza, ongezeko likafuata. Mabaraza mengi ya wazee yangefanya vema kuisoma sura hiyo kabla ya kupanga mkutano wa injili.

2. Tuhesabu nini? Sisi huandika waliohudhuria na sadaka tu.

Mengine ya kuandika ni haya: waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliohamia kwa barua, waliohama kwa barua, waliofariki, na waliotoweka bila taarifa. Mstari huo wa mwisho ndio unaouma, na ndio unaofundisha. Usharika unaweza kupokea watu 40 kwa mwaka na kupoteza 50, huku kila Jumapili ukishangilia wageni.

Msihesabu Krismasi na Pasaka. Usharika wa Machame au Marangu, mkoani Kilimanjaro, ukijipima kwa Desemba, watu wote waliotoka Dar es Salaam wakiwa nyumbani, utajidanganya. Na usharika wa Dar es Salaam ukijipima wiki hiyohiyo utakata tamaa bure. Chukueni Jumapili za kawaida, kwa mfano za Juni na za Oktoba, mlinganishe na mwaka uliopita.

Hakuna ofisi ya serikali itakayowasaidia hapa. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Msipojihesabu, hakuna atakayewahesabu.

3. Daftari la washarika litunzwe vipi?

Liandikwe kwa kaya na kwa jumuiya, si kwa alfabeti peke yake, ili kiongozi wa jumuiya aweze kupitia sehemu yake kila robo mwaka na kusahihisha. Nakala moja ikae ofisini, nyingine mahali pengine salama. Madaftari ya ubatizo yameliwa na mchwa katika sharika nyingi, na mtu anayehitaji cheti hana pa kwenda.

Magonjwa, madeni na migogoro ya ndoa havina nafasi katika daftari hilo. Na orodha ya namba za simu isisambazwe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, nazo zinayahusu makanisa pia.

## Jumuiya

4. Kwa nini mnasisitiza jumuiya kuliko mikutano mikubwa?

Kwa sababu mkutano mkubwa huita watu, lakini anayejua kwamba mtoto wa jirani amelazwa ni jirani. Historia ya kanisa letu inasema hivyohivyo. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza, na wengine tena Vita ya Pili ilipoanza, makanisa hayakufungwa. Walimu na wainjilisti Waafrika waliendelea kufundisha, kuzika na kukusanya watu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochomoza Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na Kenya, ulitembea kwa vikundi vidogo vya watu walioungamana na kuombeana, wengi wao wasio na cheo chochote. Nao maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walifikia uamuzi huohuo katika miaka ya 1970, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa njia yao kuu ya uchungaji.

Jumuiya nzuri ina kaya kama 10 hadi 15 zinazoweza kufikiana kwa miguu. Ikizidi sana, wasemaji wanabaki walewale na wengine wanakuwa wasikilizaji. Igawanywe kabla watu hawajaanza kutegea. Kikao cha saa moja kinatosha: neno, maombi, habari za kila kaya. Habari za kaya zisirukwe kamwe. Hapo ndipo inapojulikana kwamba fulani kafukuzwa kazi, na kwamba bibi fulani hana wa kumchotea maji.

5. Jumuiya yetu imebaki ya akina mama. Wanaume hawaji.

Kwanza angalieni kinachofanyika huko. Mahali pengi jumuiya imegeuka kituo cha kukusanyia michango: wimbo, sala, halafu orodha ya wanaodaiwa. Mwanamume asiye na kitu mfukoni hawezi kwenda kusomewa jina lake mbele ya mkewe na majirani. Ondoeni usomaji huo kwanza (tazama swali la 12).

Pili, muda. Jumuiya ya saa kumi jioni siku ya kazi inawaacha nje mafundi, madereva na wauza duka. Jumuiya nyingi za mjini husali Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili, na zinamalizika kwa wakati. Tatu, zungukeni nyumba kwa nyumba kwa zamu, ili baba awe mwenyeji. Anayewakaribisha watu sebuleni kwake wiki hii ataona haya kutokwenda kwa jirani wiki ijayo. Nne, wapeni kazi yenye uzito: kusimamia msiba, kwenda kwa wakwe, kumtembelea kijana aliye mahabusu.

Na akina mama waliobaki wasichukuliwe kama dalili ya kushindwa. Hao ndio walioishikilia jumuiya, na wengi wao wanafaa kuiongoza.

6. Kiongozi wa jumuiya akae muda gani?

Miaka mitatu au minne, kisha achaguliwe tena au apumzike. Awe na msaidizi tangu siku ya kwanza. Jumuiya iliyoongozwa na mtu mmoja miaka kumi na mitano hufa siku anapohama.

## Wageni, vijana na wanandoa

7. Tuwasimamishe wageni wajitambulishe?

Wengine wanafurahi, wengine wanatamani ardhi ipasuke. Waulizwe mlangoni. Mzee wa zamu awapokee, aandike jina, simu na eneo wanaloishi, na siku hiyohiyo ampe habari kiongozi wa jumuiya ya eneo hilo. Wiki isipite kabla hawajatembelewa. Waende watu wawili, wakae kidogo, waulize habari, waombe pamoja na familia. Bahasha ya ahadi isitangulie salamu: mgeni aliyekabidhiwa bahasha kabla hajaulizwa anakotoka amekwisha kuelewa mnamtakia nini.

8. Vijana wetu hupotea mara tu baada ya kipaimara. Tufanye nini?

Tuseme ukweli: mara nyingi hawapotei, wanahama na hakuna anayewafuata. Kijana anamaliza mafundisho akiwa na miaka kumi na nne au kumi na tano, anaenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha anatafuta kazi Mwanza au Dodoma. Usharika ulimlea kwa miaka yote hiyo kisha ukamwacha apande basi bila hata barua.

Kila anayehama aondoke na barua ya utambulisho, na mchungaji au mzee ampigie simu mwenzake wa huko aendako. Aliyeko sekondari aunganishwe na UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) ya shule yake. Anaporudi likizo apewe kazi ya kweli: kusoma neno, kufundisha Shule ya Jumapili, kusaidia hesabu za sadaka. Vijana wengi kanisani wanajulikana kwa kuimba tu. Asiyejua kuimba hana mahali pake. Wawepo pia ndani ya baraza la wazee wakiwa na sauti, wasiitwe pale viti vinapohitaji kubebwa.

Sharika za mjini nazo zina deni. Dereva wa bodaboda hawezi kukaa ibada ya saa tatu hadi saa saba, kwa sababu hizo ndizo saa zake za kutafuta riziki. Ibada ya saa kumi na mbili asubuhi, fupi na iliyopangwa vizuri, imewarudisha wengi wa namna hiyo.

9. Watu wazima wengi hawashiriki Chakula cha Bwana kwa kuwa ndoa hazijabarikiwa. Tuwasaidieje?

Swali hili ndilo tungependa kila baraza lilijadili. Katika sharika nyingi kuna safu nzima za wazazi, walioishi pamoja miaka kumi au ishirini, wanaobaki kwenye viti wenzao wanapokwenda mezani. Ukiwauliza kwa upole, wachache watasema hawataki kubariki ndoa. Wengi watasema hawana uwezo: mahari haijaisha, kamati inataka bajeti, watu wanasubiri ukumbi, keki na sare. Harusi imekuwa ghali hadi imewafungia watu nje ya ndoa.

Usharika unaweza kuufungua mlango huu. Pangeni siku moja kwa mwaka, au mbili, ya kubariki ndoa kadhaa kwa pamoja. Wahusika wapate mafundisho kama wengine, wavae nguo zao nzuri walizonazo, na baada ya ibada kuwe na chai na wali wa pamoja uliopikwa na jumuiya zao. Matangazo ya siku 21 yanayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 yafuatwe, na ihakikishwe hakuna mwenye ndoa nyingine iliyofichwa. Palipo na mzigo wa mahari, wazee wawili wenye heshima waende kwa wakwe. Wazazi wengi wa binti hulegeza wakiombwa na kanisa, na wengine hukubali ndoa ifungwe deni likiendelea kulipwa.

Muhimu sana: anayeanza safari hii asitajwe madhabahuni kama mwenye dhambi aliyerudi. Atajwe kama bwana harusi.

10. Washarika wanakimbilia kwa manabii na huduma za maombezi. Tuwakataze?

Makatazo hayajawahi kumzuia mama mwenye mtoto mgonjwa. Jiulizeni alipougua nani alimwombea. Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hilo ni agizo la kwetu, na mahali pengi tumeliacha hadi wengine wakaligeuza biashara. Wekeni ibada ya maombezi ya mara kwa mara; mtu aombewe, na mtu huyohuyo asindikizwe hospitali.

Lakini hatari zisemwe waziwazi. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kugombea kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wafundisheni washarika dalili: kiongozi asiyehojiwa, kukatazwa dawa au shule, kutengwa na ndugu, kuuziwa maji na mafuta, kuambiwa siri zisitoke nje. Na anayerudi kutoka huko apokelewe bila kejeli.

## Fedha

11. Sadaka ihesabiwe na kutangazwa vipi?

Ihesabiwe siku hiyohiyo, na watu wasiopungua watatu wasio ndugu wala mke na mume, wakiwa chumba kimoja, na wote wasaini. Kiasi kiandikwe kwa aina: sadaka ya kawaida, ahadi, fungu la kumi, shukrani, mnada. Ipelekwe benki Jumatatu. Jumapili inayofuata isomwe kwenye matangazo.

Sharika nyingi husoma mapato kila wiki na kunyamaza kuhusu matumizi. Washarika hawapungukiwi moyo wa kutoa, wanapungukiwa majibu. Kila robo mwaka bandikeni mlangoni karatasi moja inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na madeni.

Wanaotoa kwa simu wapewe lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika. Namba binafsi ya mchungaji au mhazini isitumike hata kwa wiki moja, hata kama mwenye namba ni mwaminifu sana. Kanuni hii inamlinda yeye mwenyewe.

12. Watu wamechoka na michango. Tunapunguzaje bila kuanguka?

Andikeni kila mchango uliotangazwa mwaka jana: jengo, kwaya, gari, mchungaji, jimbo (sharika za eneo moja ndani ya dayosisi), dayosisi, sare, semina. Orodha itawashtua wenyewe. Kisha tengenezeni bajeti moja, ipitishwe na mkutano mkuu wa usharika, na kusiwe na changizo nje yake isipokuwa msiba au maafa.

Mnada wa mazao baada ya ibada ni jambo zuri. Bibi aliyeleta mayai sita au mkungu wa ndizi ametoa, na aliyenunua mayai hayo kwa bei ya mara tatu ametoa. Usirefushwe hadi watoto walie kwa njaa. Na majina yasisomwe kwa kufuata ukubwa wa kiasi. Yesu alimwona mjane na senti zake mbili; wasoma-orodha wetu wangemweka mwisho kabisa.

13. Tujenge kanisa kubwa sasa?

Kama ibada mbili zimejaa Jumapili za kawaida, ndiyo. Kama bado mna ibada moja tu, anzeni ya pili, au fungueni mtaa karibu na watu wanaotembea mbali. Jengo lililosimama kwenye lenta miaka minane humaliza nguvu za kizazi kizima cha wazee wa kanisa.

## Mambo magumu

14. Mhazini ametumia fedha za usharika. Tulimalize kimya?

Kimya huzaa uvumi, na uvumi hula sadaka. Baraza limsikilize, hesabu zikaguliwe na mtu wa nje ya usharika, jimbo lijulishwe kwa maandishi, na mkutano wa washarika uambiwe kiasi na mpango wa kurejesha. Akirejesha, apewe nafasi ya kuungama na kupokelewa. Sanduku la fedha asirudishiwe. Angalieni pia mlichofanya ninyi: mara nyingi aliachiwa kuhesabu peke yake (swali la 11).

15. Mtoto amedhulumiwa na mtu wa kanisa. Tuanzie wapi?

Polisi na hospitali, siku hiyohiyo. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya. Baraza la wazee halina mamlaka ya kusuluhisha kosa hili, wala familia mbili hazina haki ya kulimaliza kwa faini. Mtuhumiwa asimamishwe huduma zote mara moja, awe mwalimu wa Shule ya Jumapili, mwanakwaya au mchungaji. Mtoto asiitwe kuhojiwa mbele ya wazee.

Kabla halijatokea: watoto wafundishwe na watu wazima wawili, milango wazi, na hakuna kulala kambini bila walezi wa kike na wa kiume.

16. Wazee na kwaya wamegombana, na kwaya imetangaza kuondoka.

Tafuteni chanzo kabla ya kusuluhisha. Kwa kawaida ni fedha za kurekodi, vyombo vilivyonunuliwa kwa mchango wa nani, au mtu aliyekemewa hadharani. Andikeni umiliki wa vyombo mapema, vikiwa bado vipya. Mkutano uongozwe na mtu asiye wa upande wowote, mkuu wa jimbo au mchungaji jirani, na kila upande useme bila kukatizwa. Wakiondoka hata hivyo, waombeeni mbele ya usharika na muache mlango wazi. Wengi hurudi mmoja mmoja.

17. Mchungaji tuliyempenda amehamishwa, watu wanaanza kupungua.

Mkabidhini mchungaji mpya daftari, hesabu na mipango kwa maandishi, na mpeni mwaka mmoja bila kumlinganisha. Aliyehama naye asipokee simu za malalamiko. Kupungua kukiwa kukubwa, fahamuni kwamba watu walishikamana na mtu, na jumuiya zilikuwa dhaifu tangu awali (swali la 4).

18. Kijiji chetu kinapungua watu. Usharika umebaki na washarika thelathini wenye umri mkubwa. Tufunge?

Hapana haja ya kufunga, ila mpango ubadilike. Idadi inashuka kwa sababu ya ajira na ardhi, na hakuna mahubiri yatakayowarudisha vijana kwenye shamba la nusu eka. Ombeni kuwa mtaa chini ya usharika jirani ili msibebe gharama za mchungaji peke yenu, huku mwinjilisti akiendelea kukaa kijijini. Ibada ianze baadaye kidogo, kwa ajili ya wanaotembea kwa fimbo. Chakula cha Bwana kipelekwe majumbani kila mwezi kwa wasioweza kufika. Wale walioko mjini waombwe kitu kimoja kinachoeleweka, kwa mfano bati za paa au posho ya mwinjilisti, na wapelekewe risiti.

Wanaporudi Desemba, kaeni nao siku moja baada ya ibada, mkiwa na daftari mezani, mpitie kaya kwa kaya: nani yuko wapi, anasali wapi, mtoto gani hajabatizwa.